Bagamoyo: Mji wa Wavuvi na Njia ya Wapagazi

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Maneno mnayoyasikia ndiyo haya haya yaliyopigwa chapa mbele yenu. Yafuateni kwa kidole, polepole. Neno likikushinda usiogope. Litie alama, na baada ya somo mwulize mwalimu wako.

Kwanza namwomba mwalimu wa darasa achore ubaoni mstari mmoja wa pwani ya Tanzania bara, kutoka Tanga juu mpaka Mtwara chini. Katikati ya mstari huo aweke alama ya Dar es Salaam. Juu yake kidogo, kwa upande wa kaskazini, aweke alama ya pili: hiyo ndiyo Bagamoyo. Kisha baharini aandike Unguja. Alama hizo tatu, ndugu zangu, ndizo somo letu la leo.

Nataka tujibu swali moja tu. Zamani Bagamoyo ulikuwa mji uliojulikana kuliko Dar es Salaam. Watu wa Ujiji, wa Unyanyembe na hata wa Manyema ng'ambo ya ziwa walilijua jina lake. Leo Dar es Salaam ni jiji la mamilioni ya watu, na Bagamoyo ni mji mdogo wa wavuvi, wakulima, wanafunzi na wageni wanaokuja kutazama magofu. Je, ni jambo gani lililoubadilisha? Na baada ya mabadiliko hayo, ni kitu gani kilichobaki?

1. Mahali penyewe

Ukitaka kujua habari za mtu, huuliza kwanza amezaliwa wapi. Na mji ni vivyo hivyo. Tuanze na mahali ulipo.

Bagamoyo uko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam kwa njia ya gari. Mbele yake ni bahari, na ng'ambo ya bahari, yapata kilomita 45, ndipo ulipo mji wa Unguja. Kaskazini ya mji, mto Ruvu unaingia baharini. Mto huo unashuka kutoka milima ya Uluguru, nao huleta tope na mchanga mwingi. Penye tope hilo imeota mikoko, na katika mizizi ya mikoko samaki wadogo na kamba hujificha na kukua.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo ufunguo wa somo. Ufuko wa Bagamoyo ni wa mchanga, nao ni tambarare. Maji yakijaa, bahari hufika karibu na nyumba. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana, na watu hutembea kwa miguu pale ambapo asubuhi palikuwa na mawimbi. Hasa wakati wa bamvua, ukiwa mwezi mpya au mwezi mpevu, nchi inayobaki kavu ni pana ajabu.

Je, ufuko kama huo wafaa kitu gani? Kwa jahazi unafaa sana. Nahodha huja na maji ya kujaa, akatia nanga. Maji yakipwa, jahazi hukaa juu ya mchanga. Mahamali huenda kwa miguu mpaka ubavuni mwake, wakapakua na kupakia bila gati. Maji yakijaa tena, jahazi huelea na kwenda zake. Lakini kwa meli kubwa ya chuma ufuko huo haufai hata kidogo. Meli hiyo hulazimika kusimama mbali baharini, na mizigo yake yote ipelekwe kwa mashua.

Basi kumbukeni: jambo lile lile lililoufanya mji huu upendwe na majahazi ndilo lililoufanya ukataliwe na meli. Tutarudi hapo baadaye.

2. Walioishi pale kwanza

Wako watu wanaodhani kwamba historia ya Bagamoyo ilianza walipofika wageni wenye vitabu. Sivyo. Ukitembea kwa miguu kwenda kusini, yapata kilomita 5, utafika Kaole. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti wa kwanza ni wa karne ya 13, yaani tangu miaka mia saba na zaidi iliyopita. Juu ya makaburi mengine zimesimama nguzo ndefu, na katika nguzo zilitiwa bakuli za Kichina. Bakuli hizo hazikutengenezwa hapa. Zilisafiri baharini kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja hadi mwingine, mpaka zikafika Kaole. Nazo zatuonyesha kwamba watu wa pwani hii walikuwa wakiijua dunia kabla jahazi la kwanza la Mreno halijaonekana katika bahari ya Hindi.

Safari hizo ziliongozwa na pepo mbili ambazo kila mvuvi anazijua. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, na kwa upepo huo vyombo vilishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha kusi huanza mwezi wa Aprili, na vyombo vilirudi kwa upepo huo. Watu waliongojea upepo walikaa miezi pwani. Wakaoa, wakazaa, wakajenga, wakafundishana dini na maneno. Hivyo ndivyo miji yetu ya pwani ilivyokua.

Leo mbele ya Kaole umesimama msitu wa mikoko. Pale palipokuwa na bandari pamejaa tope. Hilo nalo ni fundisho: si vita tu vinavyoua bandari, tope nalo laweza kuiua, kimya kimya.

Katika karne ya 19 mji wa Bagamoyo ulikuwa na Washomvi, na majumbe wao walikuwa wakuu wa mji. Walikuwapo Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua kutoka nchi za karibu. Walikuwapo Waarabu, Wahindi na Mabulushi waliokuja kwa biashara au kwa kazi ya uaskari wa Sultani wa Unguja. Na katikati ya wote hao walikuwapo wavuvi, ambao majina yao hayakuandikwa popote, lakini ndio waliowalisha wengine.

3. Njia ya bara

Mnamo mwaka 1840 Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, aliufanya mji wa Unguja kuwa makao yake makuu. Biashara ikakua, na mali iliyotafutwa kuliko zote ilikuwa pembe za ndovu. Ulaya na Marekani walizitaka pembe hizo kwa kutengeneza vitana, mipini ya visu, mipira ya mchezo wa biliadi na vibao vya kupigia kinanda. Fikirini, ndugu zangu: mtoto wa tajiri katika nchi ya mbali alicheza kinanda kwa vidole vyake, na kibao alichokigusa kilikuwa kimetoka Manyema mabegani mwa mtu.

Maana pembe hizo zilipitia wapi? Bagamoyo ulikuwa mkabala wa Unguja, nao ulikuwa mwisho wa njia ndefu ya bara. Njia hiyo ilitoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, karibu na mji tunaouita sasa Tabora, kisha ikaenda hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Toka pwani hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Nchi ile haikuwa na magari. Ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo na maradhi mengine njiani. Kwa hiyo mzigo wote ulibebwa na binadamu.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Wasukuma pia. Kwa kawaida mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, na tena alibeba chakula chake, mkeka wake na silaha yake. Kwenda Unyanyembe tu ilikuwa kazi ya miezi miwili au zaidi, kwa kadiri ya maji, chakula na amani ya njiani. Walileta pembe, nao walirudi na nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Neno merikani lenyewe laonyesha asili yake: ni nguo nzito ya pamba iliyoletwa kwanza kutoka Marekani. Kutoka nchi za karibu na pwani ilikuja pia sandarusi, ambayo wageni waliitengenezea vanishi.

Msafara ulipofika Bagamoyo, mji ulijaa watu kama siku ya gulio. Maelfu ya watu walihitaji kula. Nani aliyewalisha? Wakulima wa Uzaramo na Ukwere walileta nafaka na mihogo, na wavuvi walileta samaki. Kwa hiyo msidhani kwamba mvuvi alikaa pembeni mwa historia. Pembe zilimtajirisha mfanyabiashara, lakini hakuna aliyepika pembe chunguni.

4. Maana ya jina

Sasa tufike kwenye jina. Watu wengi husema Bagamoyo ni bwaga moyo. Mnajua maana ya kubwaga: ni kutua mzigo kwa kuutupa chini. Lakini ni nani aliyebwaga moyo, na kwa nini? Hapo watu wanatofautiana.

Wa kwanza husema ni watumwa. Walifungwa minyororo wakaletwa mpaka pwani, na walipoiona bahari walijua kwamba hawatarudi kwao tena. Wakasema: hapa naubwaga moyo wangu, mwili wangu utakwenda peke yake.

Wa pili husema ni wapagazi. Baada ya miezi ya jua, miiba na kiu, walifika pwani, wakatua mzigo, wakapokea ujira, wakapumzika. Kubwaga moyo ni kutua wasiwasi wa moyo.

Ninyi mwaonaje? Mwanafunzi wa historia haamui kwa kuangalia hadithi ipi inayomliza zaidi. Yeye huuliza: ni nani aliyekuwa na nafasi ya kulieneza jina? Mpagazi alikuwa mtu huru, alifanya kazi kwa ujira, alikuja na kurudi kwao mwaka baada ya mwaka, akaimba njiani na kuwasimulia wenzake. Mtumwa aliyepakiwa jahazini hakurudi kusimulia. Kwa sababu hiyo maelezo ya wapagazi yana nguvu zaidi. Tena, bandari iliyopitisha watumwa wengi kuliko zote katika pwani hii ilikuwa Kilwa Kivinje, wala si Bagamoyo.

Lakini angalieni, tusikimbie kutoka kosa moja tukaangukia jingine. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine waliuzwa pale pale na kukaa pale pale, wakilima mashamba ya wenye mji. Jina la furaha haliwezi kuwafuta watu hao. Mwaka 1868 mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni nje kidogo ya mji. Waliwanunua watumwa, wengi wao watoto, ili kuwaacha huru, wakawaweka katika kijiji karibu na misheni. Huko walifundishwa kusoma, kulima na kazi za mikono, ingawa waliishi chini ya amri kali za mapadre. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikaangusha majengo mengi ya misheni, nayo yakajengwa upya. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe, katika nchi yetu ya bara, haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922.

5. Waliobeba, na walioandikwa

Ndugu wanafunzi, nitawapa sasa kisa kimoja kinachotuhusu sisi tunaojifunza kusoma na kuandika.

David Livingstone, Mwingereza wa Uskoti, alikuwa mmisionari na mtembezi wa nchi. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake Waafrika wangeweza kumzika hapo na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo, wakaanza safari ya kwenda pwani. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500. Wengine walikufa njiani kwa maradhi. Walipofika Unyanyembe, Wazungu waliowakuta huko waliwashauri waumzike pale pale. Wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo na mzigo wao, na mwili ukapokewa katika misheni kabla ya kupelekwa Unguja na kisha Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa kwa heshima kubwa katika kanisa la Westminster Abbey, mjini London.

Na wale waliobeba? Walilipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Susi na Chuma, waliouongoza msafara ule, hawakupelekwa kwenye mazishi. Walialikwa Uingereza baadaye, rafiki yao ameshafukiwa. Mmoja tu ndiye aliyesafiri pamoja na mwili: Jacob Wainwright. Alikuwa ameachwa huru kutoka utumwani na kusomeshwa katika shule ya misheni huko Bara Hindi. Yeye ndiye aliyechora maneno katika gome la mti kule Chitambo, na yeye ndiye aliyeandika habari za safari siku kwa siku katika kitabu chake.

Msinielewe vibaya. Kujua kuandika hakukumfanya Wainwright awe jasiri kuliko wenzake. Mzigo ulikuwa wa wote. Lakini kwa kuwa aliandika, tunaisikia sauti yake mwenyewe. Wengine wengi katika msafara ule twawajua kwa hesabu tu. Walibeba kama yeye, wakaugua kama yeye, na majina yao yamepotea. Hiyo ndiyo tofauti ya kalamu. Ukikaa usiku na daftari lako, na macho yamechoka, likumbuke jambo hilo.

Yuko mtu mwingine wa Bagamoyo ambaye watu wa shule hawana budi kumtaja. Ni Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Unguja. Alitajirika kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na vifaa. Kabla ya kufa, mwaka 1897, alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, na huko Bagamoyo alitoa nyumba ya ghorofa iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila rangi wapokewe. Siku zile sharti kama hilo halikuwa jambo dogo.

6. Bendera na vita

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipata kwa Sultani haki ya kutawala pwani na kutoza ushuru. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni waliingia mijini, wakapandisha bendera yao na kutoa amri. Watu wa pwani hawakuwa wameulizwa. Waliona ushuru wao, heshima yao na nchi yao vimechukuliwa kwa kipande cha karatasi. Ghasia zilianza Pangani, zikaenea pwani yote. Abushiri bin Salim wa Pangani akawa kiongozi, na huko Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, Bwana Heri akasimama na watu wake.

Manowari za Kijerumani zilipiga mizinga. Mji wa Bagamoyo uliharibiwa vibaya, na watu wengi wakakimbilia misheni kuokoa roho zao. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi la askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani na watu kutoka Msumbiji. Mwezi wa Mei walivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Yeye aliponyoka, akaendelea kupigana bara, lakini mwishowe alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Baada ya vita Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu. Wakajenga nyumba za serikali, forodha karibu na bahari, na boma kubwa lililokamilika mwaka 1897. Mtu aliyeutazama mji wakati ule angesema kwamba sasa utakuwa mkubwa kuliko yote.

7. Reli

Lakini kumbukeni ule ufuko. Wajerumani walikuja na meli kubwa za chuma, na meli hizo hazikuweza kukaribia Bagamoyo. Dar es Salaam ilikuwa na bandari yenye kina, iliyojikunja ndani ya nchi kama kiganja cha mkono, salama kwa upepo wote. Kwa hiyo mwaka 1891 makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam.

Hata hapo Bagamoyo haukufa. Wapagazi hawakuwa na haja ya kina cha maji, nao waliendelea kuja. Pigo la pili ndilo lililoumaliza. Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1907 ikafika Morogoro, mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma.

Tufanye hesabu kidogo. Mwalimu aiandike ubaoni. Tuseme behewa moja limepakiwa tani 10. Tani 10 ni kilo 10,000. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30. Gawanyeni 10,000 kwa 30. Mtapata 333, na kidogo kinabaki. Basi behewa moja lilifanya kazi ya wapagazi 333, bila kula posho njiani, na treni huvuta mabehewa mengi. Nani tena angempa mpagazi mzigo?

Njia ya zamani ikaota majani. Wafanyabiashara wakafunga maduka, wakahamia Dar es Salaam. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza waliuteka mji, lakini hawakuona sababu ya kuufanya mji mkuu. Milango mizuri ya kuchongwa ilibaki ikitazama barabara tupu.

Jibu la swali letu la kwanza ni hilo. Bagamoyo haukuanguka kwa uvivu wa watu wake. Ulikuwa mji wa njia, na njia ilihama.

8. Kilichobaki

Sasa swali la pili: ni kitu gani kilichobaki?

Nendeni leo ufukoni karibu na ile forodha ya zamani. Mtaona ngalawa, ule mtumbwi wa gogo wenye mbao mbili za kuelea, moja kila upande, na tanga lake la pembe tatu. Mtaona mashua za mbao, nyingine zikiwa na mashine. Wavuvi wakirudi, samaki hupigiwa mnada pale pale mchangani. Kina mama wanaokaanga samaki wapo na makarai yao, na wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wapo tayari kwenda navyo mitaani. Kuna changu kutoka kwenye matumbawe, nguru kutoka maji makuu, kamba kutoka karibu na mdomo wa mto, taa, pweza na dagaa. Na upande wa kusini, huko Mbegani, kipo chuo kinachofundisha kazi za uvuvi.

Forodha ilijengwa kwa ajili ya pembe. Pembe zimekwisha, na samaki bado wanashuka ufukoni. Watawala wamepita: majumbe, Sultani, Mjerumani, Mwingereza. Kazi ya wavuvi ilikuwapo kabla yao wote, nayo ikabaki baada yao. Mji pia umepata kazi mpya. Tangu mwaka 1981 pana chuo cha sanaa ambacho wanafunzi wake wanajulikana mbali. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi mpango wa kujenga bandari kubwa karibu na Mbegani. Mwaka 2019 mpango huo ukasimama, na baadaye mazungumzo yakaanza tena. Mtu aliyelisikiliza somo hili anajua kwa nini watu wa Bagamoyo huzisikiliza habari za bandari kwa matumaini na kwa tahadhari pamoja.

Lakini sitaki kuwaacha na faraja ya bure. Zikumbukeni zile pembe. Mwanzoni ndovu walikuwa karibu. Wakawindwa, wakapungua, na wafanyabiashara wakaenda Unyanyembe. Huko nako wakapungua, wakaenda Ujiji, kisha Manyema. Kila kizazi kilikwenda mbali zaidi kwa mali ile ile. Sasa waulizeni wavuvi wazee: ujana wenu mlitia nanga wapi, na vijana wenu wanatia wapi leo? Kama jibu ni kwamba vijana wanakwenda mbali zaidi na wanarudi na samaki wadogo zaidi, basi hadithi ni ile ile, ila mara hii ni ya baharini.

Anayevua kwa baruti huua wakubwa na watoto pamoja, na huvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi sana kuota tena. Ndiyo maana sheria imekataza, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inasema hivyo wazi. Anayekata mikoko bila mpango huvunja nyumba ya kamba na ya samaki wachanga. Anayekokota wavu wa matundu madogo mno huvua leo samaki wa mwaka ujao. Reli haikuletwa na watu wa Bagamoyo, wala hawakuweza kuizuia. Lakini mikoko, matumbawe na wavu viko mikononi mwa watu wenyewe.

Njia ikihama, mji wa wavuvi hubaki na bahari. Bahari ikimalizwa, utabaki na nini?

Somo letu linaishia hapo.

Maneno ya kukumbuka

Bamvua: maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu.
Forodha: mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa.
Gati: jengo la bandarini ambapo chombo hufungwa ili kipakuliwe.
Hamali: mchukuzi wa mizigo mjini au bandarini.
Mpagazi: mchukuzi wa mizigo ya msafara.
Sandarusi: utomvu mgumu wa mti unaochimbwa ardhini.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini ufuko wa Bagamoyo uliwafaa manahodha wa majahazi, lakini haukuzifaa meli za chuma?
2. Taja vitu vitatu vilivyotoka bara na vitatu vilivyokwenda bara.
3. Eleza maana mbili za jina Bagamoyo. Wewe unakubali ipi, na kwa sababu gani?
4. Treni ya mabehewa 12, kila moja likiwa na tani 10, ingehitaji wapagazi wangapi?
5. Kwa nini tunaisikia sauti ya Jacob Wainwright kuliko ya wenzake wengi?
6. Zungumzeni: katika mji au kijiji chenu, ni kazi gani inayotegemea njia, na ni kazi gani ingebaki njia ikihama?
7. Kazi ya nyumbani: mtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke. Mwulize mji wenu ulikuwaje alipokuwa mtoto. Andika mistari mitano, nawe uliandike jina lake juu ya ukurasa.